Kalsiamu Iingiayo na Kalsiamu Itokayo

Msikilizaji, hebu tuanze na karatasi ndogo ya maabara. Imeandikwa: kalsiamu ya damu, 2.4. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kuanzia 2.2 hadi 2.6 hivi, kwa milimoli katika kila lita, basi mwenye karatasi anaikunja, anaitia mfukoni na kwenda zake akiamini kwamba mifupa yake ni mizima. Imani hiyo haina mahali pa kusimama. Mwanamke wa miaka 70 ambaye nyonga yake inaweza kuvunjika kwa kuteleza tu bafuni, mara nyingi ana 2.4 hiyo hiyo. Mtu aliyelazwa mwezi mzima bila kusimama, na ambaye mifupa ya miguu yake inapungua kila siku ipitayo, damu yake nayo kwa kawaida husomeka hivyo hivyo. Jioni hii nataka tufuate hoja moja mpaka mwisho wake. Hali ya mfupa haijulikani kwa kuhesabu kalsiamu iliyopo peke yake, iwe ndani ya damu au hata ndani ya mfupa wenyewe. Hujulikana tunapopima jinsi kalsiamu inavyoingia mfupani, jinsi inavyotoka, na kwa kasi gani. Nitaleta ushahidi, na nitawapa nafasi wanaopinga, maana wana mambo mazito ya kusema.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja, na asilimia 99 yake imo kwenye mifupa na meno. Kinachobaki ni gramu chache, lakini gramu hizo ndizo zinazouendesha moyo, ndizo zinazokaza na kulegeza misuli, na bila hizo damu ya jeraha haigandi. Mwili hauruhusu mchezo nazo. Tezi nne ndogo zilizojibanza shingoni, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele hivi, zinaionja damu usiku na mchana. Kalsiamu ikishuka kidogo tu zinamwaga homoni. Homoni hiyo inazifanya figo zibane kalsiamu isipotee na mkojo, inaiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi, na inaufungua mfupa utoe akiba yake. Fikiria nyumba yenye tangi la maji juu ya mnara. Bomba la jikoni hutoa maji tangi likiwa limejaa, na hutoa maji likiwa limebaki robo. Anayetazama bomba hana habari za tangi mpaka siku litakapokauka. Na mfupa uko katika hatari kubwa kuliko tangi, kwa sababu kuta za tangi hazijengwi kwa maji, lakini kuta za mfupa zimejengwa kwa kalsiamu ile ile inayochotwa.

Ugumu wa kulielewa jambo hili unatokana na mazoea yetu ya kuuona mfupa kama kitu kilichokwisha. Tunauona baada ya kifo, mweupe na mkavu, tunasadiki kwamba ndivyo ulivyokuwa hata wakati wa uhai. Mwaka 1935, mjini Copenhagen, George de Hevesy na mwenzake Chiewitz waliwalisha panya fosforasi yenye mionzi. Fosforasi ndiyo iambatanayo na kalsiamu katika madini ya mfupa, na mionzi yake iliwawezesha kuifuata popote iendapo. Waliikuta imeingia mifupani, kisha wakaikuta inatoka tena. Wakahitimisha kwamba mfupa hupokea na kuachia atomu bila kukoma. Hevesy alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943 kwa njia hiyo ya kufuatilia atomu zilizotiwa alama. Leo tunawajua wafanyakazi wenyewe. Wapo wabomoaji, seli kubwa ziitwazo osteoklasti, zinazojibandika juu ya mfupa, kumwaga tindikali na kuchimba shimo dogo kwa wiki chache. Nyuma yao wanakuja wajenzi, osteoblasti, wanaolijaza shimo hilo kwa mfupa mpya, na kazi yao huchukua miezi kadhaa. Kwa mtu mzima, sehemu kama moja ya kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Angalieni tofauti hiyo ya muda, kwa sababu mengi yanategemea hapo: kubomoa ni wiki, kujenga ni miezi. Chochote kinachoongeza idadi ya mashimo yanayochimbwa kwa pamoja, iwe ni kukoma kwa hedhi, ugonjwa, dawa fulani au kulala kitandani, kinaacha mfupa umejaa mashimo ambayo bado hayajafukiwa.

Ushahidi uliodhihirika zaidi kwa macho ulitokana na dawa inayofahamika sana katika maduka yetu ya dawa. Tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ina tabia ya kushikamana na kalsiamu mahali hasa ambapo madini mapya yanawekwa siku hiyo. Ndiyo sababu wajawazito na watoto wadogo hawapewi: meno yanayoendelea kuumbika huibeba, yakaota na rangi ya manjano au kahawia isiyofutika. Daktari Harold Frost, aliyekuwa Detroit huko Marekani, aliigeuza kasoro hiyo ikawa saa ya kupimia. Mgonjwa hupewa dawa kwa siku chache, hupumzika kama wiki mbili, hupewa tena siku chache, kisha kipande chembamba cha mfupa hukatwa kwenye ukingo wa nyonga. Kikitazamwa kwa hadubini chini ya mwanga wa urujuanimno, huonekana mistari miwili inayong'aa, manjano kwenye kijani, ikifuatana sambamba kama nyayo za gari moja kwenye mchanga. Mstari wa ndani ni mfupa ulipokuwa umefika mara ya kwanza, wa nje ni ulipofika mara ya pili. Nafasi iliyo kati yake, igawe kwa siku zilizopita, utapata kasi ya ujenzi, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita kwa siku. Na pale ambapo hakuna mstari hata mmoja, hakuna kilichojengwa. Mfupa huo unaweza kuonekana mnene na imara kwenye eksirei, lakini kazi imesimama. Sioni njia nyingine inayomwonyesha binadamu wakati wenyewe ukiwa umeandikwa ndani ya mwili wake kwa uwazi kama huo. Ubaya wake ni kwamba lazima ukate mfupa, na nani atakubali kukatwa kila baada ya miezi sita?

Hapo ndipo ilipopata nafasi mashine ya DEXA, inayopitisha eksirei hafifu za nguvu mbili mgongoni na nyongani na kukokotoa msongamano wa madini. Haiumi, inachukua dakika chache, na mwaka 1994 kundi la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwekea kipimo hicho mpaka: mwanamke ambaye msongamano wake uko mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi chini ya wastani wa wanawake vijana, anahesabiwa kuwa na osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kupungua na kuvunjika kwa urahisi. Wanaoitetea DEXA wanasema, na wanasema kweli, kwamba kadiri msongamano unavyoshuka ndivyo hatari ya kuvunjika inavyopanda, na kwamba uhusiano huo umethibitishwa kwa watu wengi mno. Sipingi hata kidogo. Anayepatikana na msongamano mdogo asiambiwe kwamba kipimo hakina maana. Ninachosema ni kwamba kipimo hicho kinatuambia mali iliyobaki ghalani siku ya ukaguzi. Hakimwambii mkaguzi kama ghala linajazwa au linaibiwa. Wanawake wawili wanaweza kutoka mashineni na namba moja, mmoja akiwa ametulia pale kwa miaka kumi na mwingine akiwa anateremka kwa kasi akipitia hapo. Ili kuwatofautisha kwa mashine hiyo hiyo, itabidi wasubiri mwaka mmoja au miwili, kwa maana badiliko la miezi michache humezwa na makosa ya kawaida ya upimaji. Na miaka miwili ni mingi kwa mfupa unaomomonyoka.

Lipo jambo zito zaidi ya kuchelewa. Msongamano unaweza kupanda huku mfupa ukidhoofika. Mwaka 1990 Lawrence Riggs na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio kwa wanawake 202 wa Marekani waliokoma hedhi, wenye osteoporosisi na pingili zilizokwisha vunjika. Nusu walipewa floraidi, miligramu 75 za sodiamu floraidi kwa siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, na wote wakapewa kalsiamu, kwa miaka minne. Msongamano wa mgongo kwa waliopewa floraidi ulipanda kwa asilimia 35. Kwa mwenye kutazama namba hiyo tu, huo ni ushindi mkubwa. Lakini pingili za mgongo hazikuacha kuvunjika kwa kiwango cha kuridhisha, na mivunjiko ya mifupa mingine ilikuwa 72 katika kundi la floraidi dhidi ya 24 katika kundi lingine. Floraidi ilikuwa imewasukuma wajenzi kuweka madini mengi, ila yaliwekwa ovyo, kwa mpango usiohimili uzito.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Marekani kuiona hali hiyo. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano inayotoa floraidi majini. Kuzunguka Mlima Meru, katika vijiji vya Arumeru, maji ya baadhi ya mito na visima yanapita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na WHO, na magadi yanayotiwa kwenye maharage na kande huongeza floraidi juu ya ile ya maji. Meno ya kahawia ya wenyeji wa huko yanajulikana nchi nzima, na kwa bahati mbaya huchukuliwa kama utani. Mifupa ndiyo isiyoonekana. Kwa aliyekunywa maji hayo tangu utotoni, miguu inaweza kupinda na viungo na mgongo vikakakamaa, huku eksirei yake ikionyesha mfupa mweupe, mzito, uliojaa madini. Ukimpima mtu huyo kwa msongamano peke yake, unaweza kumwambia kwamba ana mifupa bora kuliko ya jirani yake. Ngurdoto, chini ya mlima huo, kuna kituo cha utafiti kilichojishughulisha na kuondoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu mfupa una uchu wa floraidi hata ukiwa umekufa na kuchomwa. Kinachofanya kazi kwenye chujio ndicho hicho hicho kinachofanyika mwilini.

Mfano mwingine unatoka kwa wagonjwa wa figo, ambao idadi yao inazidi katika vitengo vyetu vya kusafisha damu. Figo zikishindwa kazi, mifupa huharibika kwa namna mbili zinazopingana. Kwa wengine, zile tezi nne za shingoni hupandwa na wazimu, wabomoaji na wajenzi wakakimbizana na mfupa ukageuzwa ovyo kwa kasi. Kwa wengine, hasa baada ya tezi kutulizwa kupita kiasi kwa dawa, kazi husimama kabisa, na mfupa hubaki wa zamani, wenye nyufa ndogo zisizozibwa. Wote wawili huvunjika kwa urahisi, na wote wawili wanaweza kuwa na msongamano unaolingana. Lakini dawa ya kumtuliza wa kwanza ni sumu kwa mfupa wa wa pili. Ndiyo maana wataalamu wa figo, wanapoueleza ugonjwa huu, hutaja kwanza kasi ya kubadilishwa kwa mfupa, kisha jinsi madini yanavyowekwa, na mwishoni kiasi cha mfupa wenyewe. Nadhani mpangilio huo uliwafaa kabla haujatufaa sisi wengine, kwa kuwa kwao kosa la kutibu kinyume linaonekana upesi.

Tunafikaje basi kwenye kupima mwendo wa kalsiamu bila kukata nyonga ya mtu? Njia moja inatumia jambo ambalo maumbile yenyewe yamelitengeneza. Kalsiamu haina uzito mmoja. Karibu atomu 97 katika kila 100 zina uzito wa 40, lakini ziko chache za 42, za 43, za 44, za 46 na za 48. Kikemia ni ndugu wa tumbo moja, na zote tunazila kila siku kwenye dagaa, maziwa na mboga za majani. Tofauti yao huonekana mlangoni mwa mfupa. Wajenzi wanapoweka madini, atomu nyepesi huingia kwa wepesi kidogo kuliko nzito. Wabomoaji wanapofanya kazi yao, hutoa zote jinsi walivyozikuta, hawachagui. Kwa hiyo mtu anayejenga mfupa kuliko anavyobomoa, damu yake huachiwa atomu nzito kwa wingi zaidi, na anayepoteza mfupa, nyepesi zilizokuwa zimefungiwa humo hurudi kuijaza damu. Tofauti ni ndogo mno, sehemu chache katika 10,000, lakini mashine za kisasa zinazopanga atomu kwa uzito zinaiona. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakiwemo Jennifer Morgan, Joseph Skulan na Ariel Anbar, pamoja na Scott Smith wa NASA, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu 12 wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 30 bila kuamka. NASA ilikuwa na sababu zake, kwani mwanaanga hupoteza kati ya asilimia moja na moja na nusu ya msongamano wa nyonga kwa kila mwezi anaokaa angani. Uwiano wa 44 na 42 ulianza kusogea upande wa upotevu baada ya siku saba. Siku saba! Hakuna DEXA inayoweza kuona kitu kwa muda huo. Na kutokana na uwiano huo waliweza kukadiria upotevu wa mfupa wa mwezi mzima. Huko Kiel, Ujerumani, Anton Eisenhauer na wenzake wa kituo cha utafiti wa bahari cha GEOMAR, waliozoea kupima kalsiamu ya matumbawe na makombe, walipima damu na mkojo wa wanawake waliokoma hedhi, na mwaka 2019 wakachapisha kwamba uwiano huo unawatenganisha wenye osteoporosisi na wasio nayo. Inanifurahisha kwamba elimu ya makombe imepata njia ya kufika kwenye nyonga ya bibi.

Njia ya pili hutumia kalsiamu-41, isotopu adimu (yaani kalsiamu yenye atomu za uzito wa 41) isiyopatikana katika chakula kwa kiasi cha kuhesabika. Ina mionzi, lakini nusu ya atomu zake huchukua takriban miaka 100,000 kuoza, na kiasi anachopewa mtu ni kidogo sana hata mionzi yake haina uzito wowote kiafya. Mtu hupewa mara moja. Miezi michache ikipita, ile iliyobaki imezama mfupani, na kuanzia hapo kila atomu ya 41 inayokutwa kwenye mkojo inakuwa imetoka kwenye mfupa. Kiongeza mwendo cha chembe kinazihesabu moja moja, miaka nenda miaka rudi. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Connie Weaver na wenzake waliitumia njia hii kuwafuatilia wanawake 11 waliokoma hedhi, kila mmoja akipewa tiba tofauti kwa zamu. Dawa ya risedroneti ilipunguza upotevu wa mfupa kwa zaidi ya moja ya tano, na homoni za kike kwa kiwango kama hicho, wakati virutubisho vya soya, vilivyokuwa vikitangazwa sana, havikufikia hata moja ya kumi. Wanawake 11 tu! Jaribio la msongamano lingehitaji mamia na miaka mingi kulijibu swali hilo, kwa kuwa hapa kila mwanamke alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe.

Mpinzani wangu wa kwanza amekwisha inua mkono. Anasema: hizi ni mashine za matajiri, hakuna hospitali ya wilaya itakayonunua kiongeza mwendo. Ni kweli, wala sipendekezi inunuliwe. Kazi ya vipimo hivi vya juu ni kuhakiki vile vya chini, kama mzani wa serikali unavyohakiki mizani ya sokoni. Vya chini vipo. Mbomoaji anapochimba, huacha vipande vya protini ya mfupa vinavyoingia kwenye damu, na kipande kimoja kinaitwa CTX. Mjenzi anapojenga, hukata kipande kingine, P1NP, nacho huonekana kwenye damu. Mwaka 2011 vyama vya kimataifa vya osteoporosisi na vya kemia ya maabara vilikubaliana kuvifanya viwili hivyo kuwa vipimo vya marejeo. Vinapimwa kwa kijichupa cha damu, na hubadilika ndani ya miezi mitatu ya dawa, muda ambao DEXA bado iko kimya. Vimeonyesha faida yake hasa kwa sindano ya denosumabu, inayowafunga wabomoaji. Mgonjwa akiiacha ghafla, wabomoaji waliokuwa wamefungwa hufunguliwa wote kwa pamoja, CTX hupaa, na kwa baadhi yao pingili za mgongo huvunjika mfululizo. Aliyeridhika na msongamano mzuri aliopata kwa miaka kadhaa ya sindano hana kitu cha kumtahadharisha.

Mpinzani wa pili ni mtu wa maabara, na huyu namheshimu zaidi. Anasema vipimo hivi vinayumba. CTX huwa juu alfajiri na hushuka mtu akila, kwa hiyo damu iliyochukuliwa saa nane mchana baada ya wali haiwezi kulinganishwa na ya asubuhi. Aliyevunjika mfupa majuzi atakuwa na namba kubwa kwa miezi, kwani kovu la mfupa linajengwa. Figo zikiwa mbovu, CTX hurundikana. Hata zile isotopu hazikusalimika, kwa sababu figo nazo hubagua nyepesi na nzito zinapoirudisha kalsiamu mwilini, na chakula kina uwiano wake. Yote ni sahihi. Lakini yakitazamwa vizuri, ni maelekezo ya namna ya kupima: chukua damu asubuhi mtu akiwa hajala, uliza kama amevunjika, tazama figo, na zaidi ya yote mlinganishe mtu na kipimo chake mwenyewe cha awali kuliko na wastani wa umma. Shinikizo la damu nalo huyumba kwa hofu, kwa kahawa na kwa kupanda ngazi, na hatujaacha kulipima.

Wa tatu anasema tuache vipimo, tuwape watu kalsiamu. Chakula cha wengi kina kalsiamu kidogo, vidonge ni nafuu, hasara iko wapi? Nchini Gambia, katika vijiji vya Keneba na jirani zake, wanawake walikuwa wakila miligramu 300 hadi 400 za kalsiamu kwa siku, chini ya nusu ya kinachopendekezwa Ulaya. Landing Jarjou, Ann Prentice na wenzao waliwapa baadhi ya wajawazito miligramu 1,500 za nyongeza kila siku kuanzia wiki ya 20 hadi kujifungua. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2010 yaliwashangaza wao wenyewe: katika mwaka wa kunyonyesha uliofuata, waliopewa nyongeza walikuwa na madini machache kwenye nyonga kuliko wasiopewa. Maelezo yao ni kwamba mwili uliozoea uchache hujifunza kubana na kufyonza, na wingi wa ghafla huuvuruga mpango huo. Hatuwezi kujua kalsiamu inayoingia mdomoni inafika wapi bila kuifuata mpaka mfupani.

Na bado kidonge hicho hicho huponya kinapotolewa mahali pake. Nchini Nigeria, Tom Thacher na wenzake waliwatibu watoto 123 wenye matege na dalili nyingine za mifupa laini, ambao chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba baada ya wiki 24, waliofikia kiwango cha kupona walikuwa asilimia 61 kati ya waliopewa kalsiamu, 58 kati ya waliopewa kalsiamu na vitamini D, na 19 tu kati ya waliopewa vitamini D peke yake. Waliamuaje nani amepona? Kwa picha ya eksirei, na kwa kimeng'enya cha damu kiitwacho alkalaini fosfetesi, ambacho wajenzi wa mfupa humwaga wanapohangaika kuweka madini yasiyotosha. Kiliposhuka, walijua kwamba mahangaiko yamekwisha.

Kimeng'enya hicho hakihitaji maabara ya Arizona. Hospitali nyingi za mikoa hapa kwetu hukipima kila siku, kimo katika orodha ya vipimo vya ini, kimeandikwa kwa herufi tatu: ALP. Sehemu yake hutoka kwenye ini na sehemu hutoka kwenye mfupa. Wajawazito huwa nacho kingi kwa sababu ya kondo la nyuma, na watoto wanaokua pia huwa nacho kingi kuliko wakubwa, kwa hiyo kisomwe kwa umri wa mtu na hali yake. Lakini kikiwa juu kwa mtu mzima asiye mjamzito, na vipimo vingine vya ini viko sawa, kinachofuata ni kuuliza habari za mfupa: ana maumivu ya nyonga au ya mbavu, anapata jua, anakula nini, anakunywa maji ya wapi, amevunjika karibuni? Mara nyingi swali hilo haliulizwi. Karatasi inasomwa kwa ajili ya ini, ini linakutwa zima, na namba ya wajenzi wa mfupa inarudishwa kwenye faili pamoja na ile 2.4.